Pima Jicho la Jirani Kwanza: Mimea ya Kusitiri Nyumba Dar es Salaam

Mtu aliyechoka kuchunguliwa hukimbilia kitaluni, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Pita vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo utaona miashoki ya mita mbili imepangwa mstari, imenyooka, majani yanang'aa, na muuzaji ana jibu mdomoni: “Bosi, hii miezi sita tu imeziba.” Huenda ikaziba, huenda isizibe. Yeye hajui dirisha la jirani yako liko wapi, na mara nyingi hata wewe hujalipima.

Fensi ya maua ya kusitiri inatakiwa ikae kati ya jicho la jirani na mahali unapokaa. Si lazima ifunike nyumba yake nzima. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, toa kiti nje, kiweke pale unapopenda kupunga upepo jioni, ukae.

Chukua mfano ambao ni wa kawaida kuanzia Tabata mpaka Goba. Jirani ana ghorofa moja, dirisha liko mita 6 kutoka mpakani. Sakafu yake ya juu iko mita 3 kutoka ardhini, na mtu akisimama pale jicho lake linaongeza mita 1.6, jumla mita 4.6. Wewe umekaa, jicho lako liko mita 1.2, na kiti kiko mita 4 ndani ya mpaka. Tofauti ya macho yenu ni mita 3.4. Zidisha kwa 4, gawa kwa 10 ambayo ndiyo umbali wote kutoka kwako hadi dirishani, unapata 1.36. Ongeza 1.2 yako: mita 2.56. Weka na ziada kidogo kwa sababu mimea haikui sawasawa, unahitaji fensi ya mita 2.8. Urefu huo hibiskasi iliyotunzwa inaufikia. Huhitaji mti.

Sasa dirisha likiwa mita 1.5 tu kutoka mpakani, kama ilivyo kwenye viwanja vilivyobanana, hesabu ile ile inakupa karibu mita 3.7. Hapo mambo ni mengine. Lakini sogeza kiti chako kiwe mita 2 kutoka kwenye fensi badala ya 4, na urefu unaohitajika unashuka hadi mita 3.1 hivi. Kuhamisha kiti ni bure. Mita nusu ya fensi ni mwaka mzima wa kumwagilia.

Kama hesabu zinakuchosha, funga kanga kwenye ncha ya mwanzi mrefu, mtu asimame nao mpakani, wewe ukae kitini na kumwelekeza apandishe mpaka dirisha lifichike. Pima mwanzi. Fanya hivyo kwa kila dirisha linalokukera. Mara nyingi utagundua kwamba sehemu inayohitaji kuzibwa kwa juu ni mita nne au tano tu za mpaka, na kwingine kote fensi ya mita 1.8 inatosha. Jirani asiye na ghorofa haoni zaidi ya hapo.

Baada ya urefu, pima upana, kwa sababu huu ndio unaosahaulika na ndio unaoleta ugomvi. Viwanja vingi vya mjini nafasi kati ya ukuta wa nyumba na mpaka ni mita moja na nusu, pengine pungufu, na humo humo kuna chemba, bomba la maji na njia ya kupita na ndoo. Mmea unaotaka mita moja na nusu ya upana hauna mahali hapo, hata kama unaupenda. Pima nafasi, toa sentimita 80 za kupita mtu, kinachobaki ndicho cha mmea. Na angalia juu pia: kama waya za umeme zinapita juu ya mpaka, mti wowote utakaozidi mita nne utaishia kukatwa vibaya.

Jambo la tatu ni jua. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi wa sita na wa saba jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Ukuta uliolazwa kutoka mashariki kwenda magharibi huweka kivuli upande wake wa kusini miezi hiyo. Ukipanda bogenvilia hapo itatoa matawi marefu membamba yakitafuta mwanga, majani machache, maua hakuna. Kichochoro kati ya kuta mbili nacho hupata jua la saa chache tu. Bogenvilia inataka angalau saa sita za jua la moja kwa moja kila siku.

Upepo nao una lake. Kusi inavuma katikati ya mwaka, kaskazi kuanzia Novemba hadi kama Machi, na bila upepo huo barazani hapakaliki. Fensi nzito iliyofumana, upande wa kusini au kaskazini, inakuzibia hewa karibu kama ukuta wa tofali. Pande hizo tumia mimea inayopitisha upepo, kama areka (jamii ya mitende ya mapambo) au polisiasi, na zile nzito ziweke mashariki na magharibi. Magharibi hasa, maana zitakukinga na jua kali la alasiri.

Udongo wa Dar haufanani. Kigamboni, Kunduchi na Mbweni una kichanga kinachopitisha maji hadi chini kabla mizizi haijanywa. Msasani na Oyster Bay sehemu nyingi unakutana na jiwe la matumbawe, sururu inagonga mwamba kabla ya nusu mita. Mabonde yanayoingia Msimbazi yana mfinyanzi unaotuama maji wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Na kuna visima vyenye maji ya chumvi, jambo la kawaida ukanda wa bahari. Onja maji yako kabla ya kuchagua mmea, kwa sababu areka ikinyweshwa maji ya chumvi ncha za majani zinaungua, kisha jani zima, na hakuna mbolea itakayoiponya.

Sasa mimea yenyewe. Tuanze na mwashoki, kwa kuwa ndio kila mtu anauulizia. Ule mwembamba unaoshusha matawi unafaa sana kwa dirisha la ghorofa: unachukua upana wa mita moja hadi moja na nusu, haupukutishi majani yote kwa wakati mmoja, na mizizi yake haina fujo kama ya fikasi (jamii ya mitini). Panda kwa nafasi ya mita moja, na uwe mita moja na nusu kutoka kwenye ukuta au chemba. Udhaifu wake uko chini. Watu hupunguza matawi ya chini ili pafagiwe vizuri, au hupanda maua mengine yakaukalia kivuli, na mwashoki ukishapoteza matawi ya chini haurudishi upesi. Matokeo yake ni nguzo tupu hadi kifuani na majani juu: jirani wa ghorofani haoni, lakini mpita njia anaona kila kitu. Matawi ya chini usiyaguse. Ukiachwa hukua zaidi ya mita kumi, kwa hiyo amua mapema utaukata kileleni kwa urefu gani, na ukate ukiwa bado mwembamba. Ukikatwa kilele hutoa matawi ya pembeni na kunenepa, jambo ambalo kwa kusitiri ni zuri. Ukizaa, popo watakuja usiku kula matunda, na asubuhi utafagia mbegu.

Hibiskasi ndiyo tunayoipa kura ya kwanza kwa fensi ya mita 2 hadi 3. Inaota kwa vipandikizi, inavumilia kukatwa, inafunga kuanzia chini, na mwaka wa pili ina sura. Nafasi ni sentimita 60 kati ya mche na mche, upana wake ukiizuia kwa mkasi ni sentimita 80 hadi mita moja. Adui yake ni vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba kwenye vikonyo, wanaokunja majani machanga yakawa ngumi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, chunguza vikonyo, kwa sababu sisimizi huwalinda vidung'ata ili wapate utamu wanaotoa. Kata ncha zilizokunjamana, zitie kwenye mfuko na kuzifunga, kisha nyunyiza maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, jioni jua likiwa limepoa, rudia kila baada ya siku tano mpaka waishe. Jua la mchana likikuta sabuni kwenye majani linayababua.

Akalifa, ile yenye majani ya rangi ya shaba, ni ya bei nafuu kuliko zote kwa sababu tawi ulilokata kwa jirani linaota. Inafika mita mbili na ushee. Inataka maji, na kiangazi cha Januari na Februari inanyong'onyea kwanza kuliko wenzake. Duranta ya majani ya njano inapendeza ikikatwa chini, kiunoni hadi kifuani, kwa nafasi ya sentimita 40. Ni ya kupamba mbele ya kitu kingine zaidi kuliko kusitiri. Vitunda vyake vya njano ni sumu kwa mtoto atakayevila.

Polisiasi haitajwi sana, na hilo ni kosa la wanunuzi. Inapanda juu bila kutanuka, unaweza kuibana ndani ya sentimita 50, inastahimili kivuli nusu, na inaota kwa pingili za sentimita 25. Kwa kichochoro cha mita moja na nusu hatujui mmea mwingine unaoishinda. Ipande sentimita 40 kwa 40. Isituamiwe na maji, basi. Mizizi yake inaoza.

Mwenye nafasi ya mita moja na nusu au zaidi na maji matamu apande areka. Kila shina likizeeka hutoa mengine pembeni, hivyo kichaka kinaziba chenyewe. Nafasi ni mita 1.2, na usikubali kuuziwa kiriba chenye mashina mawili; tafuta chenye sita au zaidi.

Bogenvilia si fensi mpaka uifanye kuwa fensi. Ikiachwa hujitupa huku na kule, mita mbili kila upande, na miba yake itamchana mtoto wa jirani kabla hujapata stara yoyote. Ifunge kwenye wavu wa waya au senyenge iliyosimamishwa kwa nguzo imara, kila tawi lilazwe kwa ulalo badala ya kupanda wima, kwa sababu tawi lililolazwa hutoa vichipukizi urefu wake wote. Nafasi mita 1.5. Ikishashika mizizi punguza maji. Ukiimwagilia kila siku na kuijaza mbolea ya kuku, utapata majani tu. Wakati wa kupanda, usivuruge udongo wa kiriba hata kidogo. Chana nailoni pembeni, iteremshe na bonge lake.

Karibu na bahari, ambapo upepo wa chumvi unaunguza vingine vyote, mvinje ndio mkubwa wa hapo. Ukipandwa kwa nafasi ya mita moja na kukatwa tangu ukiwa mdogo unatoa ukuta laini wa kijani, na unaota kwenye kichanga kitupu kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani. Chini yake hakuna kitakachoota vizuri, kwani sindano zake hutandaza zulia zito. Mhina nao tumeusahau. Wazee wa pwani waliupanda mipakani, unahimili ukame, maua yake yananukia, na ukikomaa unakuwa na miba ya kutosha kuzuia mbuzi. Mtandamboo ni wa aina hiyo hiyo: mzito, wa miba, watoto wanakula matunda yake meusi yaliyoiva. Yote miwili inakua taratibu, na huenda ndiyo sababu vitalu havina haraka ya kuiuza.

Kuna mimea tunayoshauri kuiacha. Fikasi, hata ile ndogo inayopendeza kwenye chungu, inapeleka mizizi kwenye chemba na mabomba, inainua sakafu na kupasua msingi wa ukuta wa uzio. Iliyopandwa mita moja kutoka shimo la maji taka itaingia humo, ni suala la miaka tu. Oleanda inastahimili chumvi vizuri sana, lakini kila sehemu yake ni sumu kali, na vivyo hivyo ndugu yake wa maua ya njano yenye umbo la tarumbeta. Penye watoto au mbuzi wa jirani, hapana. Minyaa ni mpaka wa asili usiokufa, ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Anayeikata avae miwani na mikono mirefu. Misaiprasi inayoletwa kutoka Lushoto na Arusha inavutia siku ya kununua, kisha joto la Dar linaikausha kuanzia ndani, na tawi la saiprasi likikauka halirudi.

Mianzi inastahili tahadhari ya peke yake. Ipo inayokua kwa kichaka na ipo inayotambaa chini kwa chini; ya pili itatokea katikati ya ua wa jirani. Muulize muuzaji akuonyeshe kichaka mama. Kama vichipukizi viko mbali na shina, kimoja huku kingine mita mbili kule, ondoka. Hata ile ya kichaka, ile kubwa ya njano yenye michirizi ya kijani, haina nafasi kwenye kiwanja kidogo. Na ukikata mwanzi, kata juu kidogo tu ya kifundo. Ukikata katikati ya vifundo viwili unaacha kikombe, kinajaa maji ya mvua, na humo ndimo anazaliana mbu wa dengi. Jiji hili limeona milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Vikombe hivyo havihitajiki.

Kupanda kwenyewe kuanze mvua za kwanza za masika zikishalowesha ardhi, katikati ya Machi hivi. Vuli pia inafaa, ila ina tabia ya kukata ghafla, na mara inafuata Januari yenye jua la kukausha, kwa hiyo anayepanda Novemba awe na maji yake. Usichimbe shimo moja moja. Chimba mtaro mmoja urefu wote, upana sentimita 50, kina 50. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande wa pili. Changanya ule wa juu na samadi iliyoiva, debe moja kwa kila mita ya mtaro, madebe mawili penye kichanga. Samadi mbichi, na zaidi mbolea mbichi ya kuku, inaunguza mizizi. Ikishikwa mkononi iwe baridi, isinuke, ndipo iko tayari. Penye mfinyanzi inua tuta sentimita 20 juu ya ardhi ili maji ya Aprili yasituame. Penye matumbawe vunja hadi sentimita 60 na ulete udongo wa nje.

Mfano wa mpaka wa mita 12 kwa hibiskasi: gawa kwa 0.6, miche 20, nunua 23 ili mitatu ikae pembeni kwenye viriba ikisubiri kuziba pengo. Pengo likizibwa baada ya mwaka kwa mche mdogo, mche huo utadumaa katikati ya wakubwa. Akiba ya umri ule ule ndiyo dawa. Chagua miche ya sentimita 50 hadi 60, si ile ya mita mbili. Mche mrefu uliokaa mwaka katika kiriba kidogo mizizi yake imejiviringisha, na utaendelea kujikaba ardhini. Mwambie muuzaji kwa heshima: “Kaka, naomba unitolee mmoja kwenye kiriba niuone.” Akikataa ilhali unanunua miche mingi, ana sababu.

Maji ni lita 10 kwa kila mche mara mbili kwa wiki, miezi mitatu ya mwanzo, siku zisizo na mvua. Kwa miche 20 ni lita 400 kwa wiki, chini ya nusu ya tangi la lita 1,000. Kunywesha kikombe kimoja kila jioni kunalowesha juu tu na mizizi inabaki juu juu, halafu ikifika Agosti inakauka. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 7, ukiacha kiganja kimoja bila matandazo kuzunguka shina, kwa sababu ya mchwa.

Linalowauma watu ni mkasi. Mche ukishashika na kutoa majani mapya, kama wiki ya sita, hibiskasi, akalifa na polisiasi kata theluthi ya juu. Ndiyo, unataka urefu na unakata urefu. Usipokata, utapata vijiti vinavyokimbilia juu na uwazi chini. Rudia kila inapoongeza sentimita 30. Umbo liwe pana chini na jembamba juu, tofauti ya sentimita 10 kila upande inatosha. Fensi iliyopanuka juu inajifunika kivuli chenyewe na majani ya chini yanakufa. Usikate sana Januari na Februari.

Kuhusu mpaka: tafuta bikoni (alama za mpaka wa kiwanja) kabla ya mtaro, si baada. Panda sentimita 75 ndani ya upande wako, ndipo utaweza kupita na kukata mgongo wa fensi bila kuomba ruhusa kila mara. Na hata hivyo pita kwa jirani, piga hodi, mwambie: “Mama, nataka kupanda maua hapa mpakani, yatakuwa urefu huu, yakikuzidia upande wako niambie nije niyakate.” Mkikubaliana kupanda juu ya mpaka wenyewe na kuchangia, andikeni karatasi, nani anakata nini na nani analipa, mpeleke nakala ofisi ya serikali ya mtaa. Nyumba huuzwa, wapangaji huhama, na anayekuja hakuwepo kwenye mazungumzo yenu.

Fensi ya zamani iliyoachwa ikawa wazi chini inaweza kuokolewa, kulingana na mmea. Hibiskasi, akalifa na mhina zikatwe hadi sentimita 40 mvua za Machi zikianza, upande mmoja mwaka huu na wa pili mwakani kama hutaki kubaki uchi, na samadi debe moja kwa mita. Bogenvilia nayo inachipua upya. Mvinje ukikatwa kwenye mti wa zamani usio na sindano mara nyingi hauchipui. Huo panda mstari mwingine mbele yake, na uung'oe ule wa nyuma pale mstari mpya ukishafika kifuani.